Namba za Sauti na Kanda ya Shangazi

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, nembo ndogo ya rangi nyeusi na dhahabu imekuwa ikibandikwa kwenye vicheza muziki vya mkononi kuashiria sauti ya ubora wa juu. Ahadi yake ni kwamba kifaa hiki hutoa sauti iliyo karibu zaidi na ile iliyosikika siku ya kurekodiwa kuliko simu ya kawaida au hata sidii. Ahadi hiyo haiuzwi rahisi. Kampuni ya Sony, iliyoanza kuuza Walkman mwaka 1979, iliingia katika soko hili mwaka 2013. Mwaka uliofuata mwanamuziki Neil Young alikusanya zaidi ya dola milioni sita kutoka kwa watu wa kawaida ili atengeneze kicheza muziki chake, Pono. Kufikia 2017 mradi huo ulikuwa umekufa. Vifaa vya namna hiyo havikufa pamoja nao. Vingali vinatengenezwa na kununuliwa, na swali linalovifuata ni lile lile: je, sikio la binadamu linaitambua tofauti?

Miongoni mwa walioliuliza swali hilo kwa fedha zao ni mhasibu mmoja wa Hamriya, mtaa uliobanana pembeni mwa Ruwi, katikati ya vilima vya mawe makavu vya Maskati. Wakaaji wengi wa mtaa huo ni wafanyakazi kutoka Bangladeshi, India na Pakistani, na maduka yake madogo huuza kila kitu, kuanzia mchele hadi chaja za simu. Yeye alizaliwa Unguja, akaletwa Omani akiwa na miaka mitano katikati ya miaka ya sabini, wakati familia nyingi za Kiomani zilizokuwa Afrika Mashariki zilipokuwa zikirejea baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Nyumbani kwake bado huzungumzwa Kiswahili cha mjini Unguja. Anaishi na mkewe, binti yake asomaye uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na shangazi yake, mwanamke aliyekaribia miaka themanini na aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Alinunua kicheza muziki kwa riali mia tatu na ushei, na visikizi vya masikioni kwa fedha inayokaribia hiyo. Usiku wa kwanza alikaa sebuleni hadi saa saba akisikiliza taarabu. Asubuhi aliwaambia watu wa nyumbani kwamba amesikia kanuni kama hajawahi kuisikia, kwamba kila uzi ulikuwa na mahali pake, kwamba sauti imepanuka. Shangazi alimuuliza kama nyimbo ni mpya. Akajibu kuwa ni zile zile. "Basi kilichopanuka ni mfuko wa mwenye duka, mwanangu," akasema bibi yule, akaendelea na chai yake.

Ili kupima madai ya mhasibu huyu kwa haki, inafaa kueleza namba zinazoandikwa kwenye masanduku ya vifaa hivi zina maana gani. Sauti inapogeuzwa kuwa dijitali, wimbi lake hupimwa mara nyingi sana kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Faili za ubora wa juu hupima mara 96,000 au hata 192,000, kwa biti 24. Mtu asiye mtaalamu huona namba hizo na kudhani kwamba ni kama picha: vitone vikiongezeka, sura inakuwa laini zaidi. Hesabu inasema vingine. Harry Nyquist aliuweka msingi wake mwaka 1928, naye Claude Shannon akauthibitisha mwaka 1949: wimbi lolote linaweza kurejeshwa kamili, bila pengo wala ngazi, mradi lipimwe zaidi ya mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa. Vipimo 44,100 vinatosha kubeba kila kitu hadi mitetemo 22,050 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya hukoma karibu na 20,000. Sikio la mtu wa makamo kama mhasibu wetu mara nyingi hukoma kati ya 12,000 na 14,000. Kile ambacho kipimo cha 96,000 kinaongeza kipo katika eneo ambalo popo hulifaidi na binadamu halijui.

Biti nazo zina hesabu yake. Kila biti huongeza takriban desibeli sita kati ya sauti kubwa kabisa na mnong'ono unaomezwa na kelele ya mfumo wenyewe. Biti 16 hutoa karibu desibeli 96. Biti 24 hutoa 144 kwenye karatasi, ingawa hakuna saketi ya mkononi inayofika huko. Sasa fikiria sebule ya Hamriya mwezi wa Juni, joto likiwa limepita nyuzi arubaini, kiyoyozi kikinguruma tangu asubuhi na magari yakipita chini ya dirisha. Mnong'ono ule ambao biti nane za ziada zimeulinda kwa uangalifu mkubwa umekwisha kuzama chini ya kiyoyozi kabla haujafika sikioni.

Watafiti hawakuridhika na hesabu peke yake, na walifanya vyema, kwa kuwa hesabu haina masikio. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha matokeo ya majaribio 554 ambamo wasikilizaji walitakiwa kutambua ni lini sauti ya ubora wa juu ilikuwa imepitishwa katika kipimo cha sidii. Walipatia mara 276, chini kidogo ya nusu; mtu anayerusha sarafu angepata hivyo hivyo. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000 na kuzichanganua kwa pamoja. Alikuta kwamba wasikilizaji walipatia kwa asilimia 52.3, na kwamba waliofunzwa vizuri kabla ya jaribio walifanya vizuri zaidi. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kitakwimu haiwezi kutupwa. Msomaji mwadilifu atayachukua matokeo yote mawili: huenda kuna kitu kinasikika, kwa watu wachache, katika chumba kimya, baada ya mafunzo. Kitu hicho hakifanani na upana ambao mhasibu aliusimulia kwenye chai ya asubuhi.

Binti yake hakubishana naye. Kumwambia baba kwamba masikio yake yanamdanganya si adabu, na pengine si kweli pia. Alichofanya ni kuchukua nyimbo tatu ambazo baba yake alikuwa amezinunua katika ubora wa juu, akatengeneza nakala zake katika kipimo cha sidii, akasawazisha ukubwa wa sauti kwa makini, kisha akamwomba akae na visikizi vyake vile vile na kifaa chake kile kile. Usawazishaji huo ndio moyo wa jaribio. Sauti iliyopandishwa kidogo tu, hata desibeli moja, msikilizaji haisikii kuwa kubwa. Huisikia kuwa nzuri zaidi, na wauzaji wameijua siri hiyo kwa miaka mingi. Kiyoyozi kilizimwa. Mara kumi na sita alisikilizishwa vipande viwili na cha tatu, akaulizwa cha tatu ni kipi kati ya viwili vya kwanza.

Alipatia mara tisa. Ili kubahatisha kukataliwe kama maelezo, angehitaji kupatia angalau mara kumi na mbili, kwani anayebahatisha hufikia hapo kwa nafasi ya chini ya asilimia nne. Mhasibu, aliyezoea kuambiwa na namba mambo asiyoyapenda, alizitazama zile alama kwenye karatasi kwa muda. Kisha akasema neno ambalo halistahili kuchekwa: "Lakini usiku ule nilisikia."

Alisikia, na kulikuwa na sababu za kusikia. Visikizi vipya vilikuwa bora mara nyingi kuliko vile alivyopewa pamoja na simu, na hakuna sehemu ya mnyororo wa sauti inayobadilisha usikivu kuliko ile inayogusa sikio. Baadhi ya nyimbo alizonunua zilikuwa zimesawazishwa upya studioni kwa uangalifu, bila kubanwa ili zipige kelele, na usawazishaji mzuri husikika katika kipimo chochote. Zaidi ya hayo, alikaa kimya saa tatu mfululizo, simu ikiwa chumba kingine, akasikiliza. Kwa muda mrefu muziki ulikuwa kwake kitu cha kuzibia kelele za njiani. Fedha aliyolipa ilimnunulia umakini, na umakini ni tofauti inayosikika. Lakini kanuni ile angeisikia vivyo hivyo kwa visikizi hivyo hivyo vikiwa vimechomekwa kwenye simu ya kawaida, mradi ni kwa waya. Wengi wanaonunua vifaa hivi huvitumia bila waya, na hata njia ya Bluetooth iliyo pana miongoni mwa zinazosifiwa kwa ubora wa juu, LDAC, haivuki biti 990,000 kwa sekunde, ilhali sidii yenyewe inahitaji 1,411,200 na faili ya 96,000 kwa biti 24 inahitaji 4,608,000. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Hapa kinachotembezwa ni namba.

Jambo la pili ni kile kilichokuwa ndani ya kifaa. Mhasibu hakununua kicheza muziki ili asikilize okestra iliyorekodiwa mwaka jana. Alitaka taarabu ya utoto wake, na taarabu hiyo imehifadhiwa katika vyombo vyenye mipaka yake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV, maikrofoni na sindano za wakati ule zilinasa mitetemo hadi kama 5,000 au 6,000 kwa sekunde, na upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi. Nyimbo ambazo barazani zingechukua sehemu kubwa ya usiku zilikatwa ili zienee. Kila kilichokuwa juu ya mpaka ule kilipotea siku ile ile, na hakuna kifaa cha mwaka wowote kitakachokirudisha. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963 na ambayo ndiyo iliyobeba muziki wa pwani hadi Ghuba, ilifanya vizuri zaidi, lakini katika mashine za nyumbani kelele ya kanda yenyewe iliacha nafasi ya takriban desibeli hamsini, sawa na biti nane au tisa. Kuimwaga kaseti katika chombo cha biti 24 ni kama kumimina kikombe cha maji katika pipa. Maji hayaongezeki.

Na kaseti zilizokuwa ndani ya nyumba ile ya Hamriya hazikuwa za muziki tu. Familia zilizotawanyika kati ya Unguja, Mombasa, Dubai na Maskati zilitumiana barua za sauti. Mtu alikaa mbele ya redio kaseti, akabonyeza vitufe viwili, akasema salamu, habari za waliozaliwa na waliokufa, bei ya mchele, maneno ya kuambiwa fulani na maneno ya kumficha fulani. Kanda ikatiwa katika bahasha na kupewa msafiri. Shangazi alikuwa nazo kumi na tano, zimefungwa katika kitambaa ndani ya sanduku.

Moja ilitoka kwa mama yake, ya mwaka 1983, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Katika kanda hiyo mama anazungumzia binti yake mdogo, mdogo wake shangazi, aliyekuwa ameolewa Mombasa na ambaye familia ilikuwa imekosana naye kwa habari ya nyumba. Mama anasema, "Na yule mwenzako, nimemfuta," kisha anahamia kwenye bei ya mchele. Ndivyo shangazi alivyosikia mwaka ule, na ndivyo kila aliyesikilizishwa alivyosikia. Nimemfuta: nimemwondoa katika hesabu ya wanangu. Mama alipofariki, mkufu wake wa dhahabu ulibaki Maskati, na aliyeko Mombasa hakupelekewa chochote, kwa kuwa neno la marehemu lilikuwa ushahidi. Ndugu hao wawili hawakuzungumza tena isipokuwa katika misiba.

Miaka michache kabla ya kununua kifaa chake, mhasibu alikuwa ameipeleka kanda hiyo dukani igeuzwe faili. Alirudishiwa faili ndogo, yenye ukungu, iliyobanwa sana. Alipopata kicheza muziki kipya aliiweka humo kwa matumaini ya kumpendeza shangazi, na kifaa kikaucheza ule ukungu kwa uaminifu wote, kila chembe yake mahali pake. Shangazi alisikiliza kidogo, akarudisha visikizi. "Mama hakuwa akizungumza hivi," alisema. "Huyu kafunikwa shuka."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya binti aitafute kanda yenyewe. Alipata kwa jamaa mmoja deki ya kaseti ya zamani iliyo nzima, akasafisha kichwa chake na viringio vyake kwa spiriti, akapitisha kanda mbele na nyuma mara moja ili ilegee. Kisha akafanya jambo ambalo mafundi wa redio wa zamani walilijua na ambalo haligharimu hata baisa moja. Kichwa kinachosoma kanda kinatakiwa kisimame wima sawasawa na kile kilichoirekodi. Kikiinama hata sehemu ndogo ya nyuzi moja, sauti nyembamba hujifuta zenyewe na mazungumzo huwa mazito na ya mbali. Redio kaseti ya Unguja ya 1983 ilikuwa na kichwa kilichoinama kwa namna yake, kwa hiyo deki ya Hamriya ilibidi iinamishwe vivyo hivyo. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo. Binti aliizungusha kwa bisibisi, polepole, huku akisikiliza mvumo wa kanda, hadi mvumo ule ulipong'aa. Sauti ya bibi mzaa babu yake ikatoka chini ya shuka.

Sauti ya herufi s hukaa juu, nguvu yake ikianza karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde na kuzidi hapo. Herufi f ni hafifu na imetawanyika. Ukikata kila kilicho juu ya 4,000, kama simu za zamani zilivyofanya, s na f hufanana kiasi kwamba sikio huchagua lile linalolitarajia. Binti alipofika kwenye sentensi ile alisimamisha kanda, akairudisha, akaisikiliza tena. Akamwita bibi yake, akamvisha visikizi, akaongeza sauti. "Sikiliza, Bibi. Sikiliza neno la mwisho kabla ya mchele."

Mama alikuwa amesema, "Na yule mwenzako, nimemsuta."

Kwa msomaji aliyelelewa mbali na pwani, inafaa kusema kwamba kati ya maneno hayo mawili kuna umbali mkubwa. Kumsuta mtu ni kumkabili kwa kosa lake, uso kwa uso, pengine mbele ya watu, na kumwambia ukweli wake. Linauma, na nyimbo nyingi za taarabu zimetungwa kwa kazi hiyo. Lakini husutwa aliye ndani. Anayesutwa bado ni mtu wa kuambiwa, na suto likishapita, mambo huweza kwisha. Anayefutwa haambiwi kitu. Mama alikuwa akimweleza mkubwa kwamba mdogo ameshakemewa, shauri limemalizwa, tuendelee na mchele.

Shangazi aliomba irudiwe mara tatu. Halafu akavua visikizi na kwenda kuswali, ingawa wakati wa sala ulikuwa haujafika. Wiki mbili baadaye alimwambia mtoto wa kaka yake amtafutie namba ya simu ya Mombasa.

Swali la vicheza muziki vya ubora wa juu halikuwa batili, ila limekuwa likielekezwa kwenye ncha isiyofaa ya waya. Tofauti iliyobadilisha jambo katika nyumba ile ilikaa kati ya mitetemo 4,000 na 8,000 kwa sekunde, eneo ambalo simu ya bei ndogo kabisa katika maduka ya Hamriya hulitoa bila taabu. Ilikuwa imepotea wakati wa kunakili, na ilipatikana wakati wa kunakili. Huko ndiko namba kubwa zina kazi. Jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, hushauri kanda zihifadhiwe kwa angalau vipimo 48,000 na biti 24, na kwa kawaida 96,000. Hawashauri hivyo kwa kudhani kwamba kaseti ina utajiri wa kiasi hicho. Nakala hiyo itafanyiwa kazi na watu wa kesho, itasafishwa, itapandishwa na kushushwa, na kila hatua hula kidogo. Na kanda yenyewe haitarajiwi kungoja jaribio la pili. Mwaka 2019 UNESCO na IASA walitoa tahadhari ya pamoja kwamba mashine za kusomea kanda za sumaku zinatoweka, vipuri havitengenezwi tena, na kwamba wataalamu wengi waliuona mwaka 2025 kuwa mwisho wa uwezo wa kunakili kanda kwa wingi. Mwaka huo umefika. Katika majumba ya Maskati, Dubai, Mombasa, London na Toronto bado kuna masanduku ya barua za sauti za Kiswahili ambazo hakuna hifadhi iliyoziorodhesha, na walioweza kueleza nani anazungumza humo wanapungua kila mwaka.

Mhasibu bado anakitumia kicheza muziki chake, na hajaacha kusema kwamba kanuni inasikika vizuri humo. Hakuna anayembishia. Alikuwa ameanza kuweka akiba kwa ajili ya visikizi vingine, vya bei ya juu zaidi. Fedha hiyo imenunua deki ya pili ya kaseti, iliyotumika, pamoja na mikanda ya mpira ya akiba. Kanda zilizobaki katika kitambaa cha shangazi ni kumi na nne, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana binti huchukua moja, huitafutia mwinamo wake kwa bisibisi, na bibi hukaa karibu naye akitaja majina.